Majitaka yanayorudi ndani ya nyumba: maswali na majibu

Fundi anazibua, baada ya muda majitaka yanapanda tena. Kwa nini?

Kuzibua si kutibu. Waya wa fundi hutoboa njia katikati ya uchafu, maji yakapita, na chanzo kikabaki palepale. Mara nyingi ni mizizi ya mti iliyopenya kwenye maungio ya bomba. Ikikatwa bila ufa kuzibwa, huota tena. Au ni mafuta ya kupikia yaliyoganda ndani ya bomba, vitambaa vya kufutia watoto (hata vile vinavyouzwa kwa madai kwamba havizibi choo), au bomba lililotitia na uchafu ukawa unatuama hapo. Kabla ya kulipia uzibuaji wa tatu, afadhali ulipie kamera ipitishwe ndani ya bomba.

Nitajuaje tatizo liko wapi?

Sinki moja tu likigoma, kizuizi kiko karibu nalo. Lakini ukivuta maji chooni na tundu la bafuni likabubujika, shuku bomba kuu. Funua chemba ya nje: ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake; ikiwa tupu, kiko kati yake na nyumba. Yakipanda wakati wa mvua tu, huenda maji ya mvua yanaingia kwenye bomba, au ardhi imelowa kiasi kwamba shimo la majitaka halinywi tena.

Ukiacha harufu, majitaka yana madhara gani?

Hubeba vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A, pamoja na mayai ya minyoo ambayo hudumu udongoni kwa miezi, hata miaka. Mtoto anayetambaa ndiye wa kumwangalia zaidi, maana mikono yake haikai mbali na mdomo.

Nisafisheje?

Maji yakikaribia soketi, usiyakanyage kabla umeme haujazimwa. Vaa gambuti na glavu za mpira. Zoa uchafu, sugua kwa sabuni, ndipo upake dawa ya klorini. Ukianza na klorini, nguvu yake huishia kwenye kinyesi. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa gesi ya sumu. Godoro lililolowa, litupe.

Naweza kuingia shimoni mwenyewe?

Hapana. Gesi ya humo huua kwa dakika chache, na anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka vilevile.