Kwa nini serikali humlipia mtumishi nauli ya kwenda kwao likizo?

Mwalimu aliyezaliwa Muleba, mkoani Kagera, anaweza kupangiwa kazi Nachingwea, mkoani Lindi. Hakukichagua kituo hicho. Barua ya ajira ilikitaja, akafunga mizigo, na sasa kati yake na wazazi wake ipo karibu nchi nzima. Likizo ya siku tupu ingemfaa nini mtu kama huyo, ikiwa mshahara wa mwezi utaishia kwenye tiketi za basi?

Ndiyo sababu mtumishi wa umma Tanzania Bara ana stahili mbili zinazokwenda pamoja. Kila mwaka anapata likizo yenye malipo. Kisha, mara moja kila baada ya miaka miwili, mwajiri humgharimia nauli ya kwenda likizo na kurudi, yeye, mwenza wake na watoto au wategemezi wasiozidi wanne. Stahili hii imo katika Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, na watumishi wenyewe huiita kwa kifupi "nauli ya likizo".

Wapo wanaoiona kuwa upendeleo kwa watu wa serikali. Sikubaliani nao hata kidogo. Serikali inahitaji mwalimu Nachingwea, muuguzi Kakonko na afisa ugani Mbinga, na haiwezi kusubiri kila wilaya izalishe wataalamu wake. Kwa hiyo imejipa mamlaka ya kumpangia mtu kituo popote na kumhamisha inapobidi. Mwenye mamlaka hayo anapaswa kubeba na gharama yake. Hata wakati wa ukoloni hesabu ilikuwa hiyohiyo, ila iliwanufaisha wachache: ofisa wa Kiingereza aliyetumikia Tanganyika alimaliza awamu yake ya utumishi, akarudi kwao kwa likizo ndefu, na nauli ya meli ikalipwa na serikali.

Sasa tuje kwenye siku zenyewe, maana hapa ndipo wengi hupigwa na butwaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inawahusu pia watumishi wa serikali isipokuwa wanajeshi, polisi, magereza na JKT, inataka mfanyakazi apewe likizo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Neno "mfululizo" ndilo lenye uzito. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa pia. Mwalimu anayeanza likizo mwanzoni mwa Desemba ataona Siku ya Uhuru, Krismasi na siku inayofuata Krismasi zote zikimezwa ndani ya 28 zake, na hana cha kudai.

Kenya huhesabu kwa namna nyingine. Mtumishi wa serikali kuu huko hupata siku 30 za kazi kwa mwaka, yaani wiki sita ukiweka na wikendi, na badala ya nauli hupewa posho ya likizo mara moja kwa mwaka kulingana na daraja lake. Anayelinganisha 28 na 30 kwa kutazama tarakimu pekee atadhani tofauti ni siku mbili, kumbe ni kama wiki mbili.

Nani huamua tarehe? Mwajiri. Ila hana uhuru wa kuahirisha atakavyo. Sheria inamtaka atoe likizo kabla ya miezi sita kupita tangu mzunguko ulipokwisha, au miezi 12 ikiwa mtumishi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu hivyo. Ndiyo maana ofisi huandaa ratiba ya likizo mapema, na walimu wengi huangukia Juni au Desemba shule zikiwa zimefungwa.

Penye maumivu ni kwenye fedha. Siku huidhinishwa kwa urahisi, lakini nauli hutegemea bajeti ya mwajiri, ambaye kwa walimu wengi ni halmashauri. Fungu likichelewa, mtumishi husafiri kwa fedha zake, na dai lake linaingia kwenye kile kinachoitwa madeni yasiyo ya mishahara, pamoja na fedha za uhamisho na matibabu. Vyama vya wafanyakazi vimelipigia kelele jambo hili mara nyingi, na vina haki. Stahili inayolipwa baada ya kusubiri sana haimsaidii mama mwenye watoto wanne anayetaka kusafiri wiki ijayo. Kwa upande wake, mtumishi asiache barua ya ruhusa na tiketi zipotee, kwa kuwa dai lisilo na nyaraka ni vigumu kulihakiki.

Mantiki ya "aliyekupeleka akurudishe" haiishii kwenye likizo. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 inasema ajira ikikoma mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, mwajiri ndiye atakayemsafirisha yeye na mizigo yake hadi mahali alipomwajiri, au amlipe gharama ya safari hiyo. Siku za likizo ambazo hakuzitumia, alizozipata kwa kazi aliyokwisha kuifanya, nazo hulipwa fedha wakati huo.