Jina la Meli ni la Anayelipa

Mteja akinipigia kuuliza kontena lake limefika wapi, kwanza namuuliza jina la meli. Wengi hunijibu "Maersk" au "Evergreen", ambayo ni majina ya kampuni. Siwalaumu. Machi 2021, meli ilipokwama Mfereji wa Suez na kuufunga kwa siku sita, dunia nzima ilichanganyikiwa vivyo hivyo. Ubavuni lilionekana neno EVERGREEN kubwa ajabu, kumbe meli yenyewe inaitwa Ever Given, jina lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Mwenye meli alikuwa kampuni ya Japani, Shoei Kisen. Bendera ni ya Panama. Evergreen ya Taiwan ilikuwa imeikodi tu, lakini jina lilifuata utaratibu wa Evergreen.

Ndiyo maana sisi mawakala wa meli husoma jina kama taarifa ya pesa: linakuonyesha nani analipia chombo hiki kwa sasa, na anataka kuonekana vipi.

Kampuni kubwa huagiza meli kwa mafungu, na kila fungu hupewa alama yake. Dada zake Ever Given ni Ever Golden, Ever Genius, Ever Gifted. Fungu zima ni herufi G. Maersk waliwahi kutoa E nane: Emma, Estelle, Eleonora, Evelyn, Ebba, Elly, Edith na Eugen. Mtu wa ratiba akisikia mojawapo, kabla hajafungua kompyuta anajua ni meli ya karibu mita 400. Hapag-Lloyd wao hupenda kumalizia na Express, na CMA CGM ya Ufaransa imezipa meli zake majina kama Marco Polo na Jules Verne.

Kampuni ikiwa ya familia, majina hutoka mezani kwao. Emma alikuwa mke wa Mærsk Mc-Kinney Møller, aliyeiongoza Maersk kwa miaka mingi. Alifariki Desemba 2005, na meli ikabatizwa jina lake mwaka uliofuata. Gianluigi Aponte alianzisha kampuni ya meli ya MSC mwaka 1970 kwa meli moja, Patricia. Ya pili akaiita Rafaela, jina la mkewe. MSC Oscar ya mwaka 2015 ina jina la mtoto wa Diego Aponte, yaani mjukuu wa mwanzilishi. Bodi ya wakurugenzi wa kampuni ya hisa za umma haithubutu hivyo kirahisi, na waliothubutu walijuta: Chevron waliwahi kuita meli yao ya mafuta Condoleezza Rice, kwa kuwa mama huyo alikuwa kwenye bodi yao. Alipoingia Ikulu ya Marekani, mwaka 2001 ikageuzwa haraka kuwa Altair Voyager.

Serikali nazo zikishika mfuko hufanya yale yale. Kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilianza safari za pwani yetu mwaka 1890 kwa ruzuku ya Berlin, na meli zake zikaitwa Reichstag, Bundesrath, Kanzler: bunge, baraza na kansela, wote baharini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ikiwa imeshanyang'anywa koloni, miaka ya 1920 kampuni hiyo hiyo ilileta Usaramo, Ussukuma, Wangoni na Njassa. Kwangu haya ndiyo majina ya kiburi kuliko yote yaliyowahi kutia nanga Dar es Salaam: nchi imekuponyoka, bado unaichora kwenye omo. Huko Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, iliyopewa jina la gavana wa zamani, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 wakairudisha kazini kwa jina la Liemba.

Uhuru ulipokuja, nasi tulichora yetu. Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia ziliunda shirika la pamoja la meli mwaka 1966, na kati ya meli zake kulikuwa na Harambee, Ujamaa na Mulungushi, kila moja na siasa ya nchi yake. Ziwa Victoria likapata vivuko vya mabehewa, Uhuru na Umoja. Waganda baadaye walikuwa na akili ya biashara zaidi: pamoja na Kabalega, walikuwa na Pamba na Kaawa, mazao yaliyokuwa yakiingiza fedha.

Anayelipa hana uhuru wote, hata hivyo. Msajili wa bendera hukataa jina ambalo tayari liko kwenye daftari lake, au linaloweza kudhaniwa ni wito wa dharura. Halafu kuna redio. Nahodha atalitamka jina hilo kwa lafudhi ya Kifilipino au Kiukraine, katikati ya makelele, na aliyeko mnara wa bandari lazima alisikie mara ya kwanza. Mtambo wa AIS, unaotangaza meli iko wapi, una nafasi ya herufi 20 tu na haujui nukta za juu. MSC Gülsün humo ni GULSUN, na CMA CGM Antoine de Saint Exupery haina budi kukatwa. Sijui walioketi Marseille, makao makuu ya CMA CGM, walifikiria nini.

Kukodi ndiko kunakobadilisha majina zaidi. Kampuni inakodi meli kwa miaka kadhaa, inatia jina lake mbele, na mkataba ukiisha linafutwa. Kufuta kwenyewe ni kupaka rangi, basi. Herufi huchomelewa kwenye bati, kwa hiyo meli ikilala gatini jua la asubuhi likiipiga ubavu, unasoma jina la zamani limevimba chini ya rangi, pengine mawili yamepandana. Kisha zinafuata mashua za uokoaji, maboya, vyeti, bima na hati za benki. Kengele mara nyingi huachwa na jina la kwanza. Mabaharia wa zamani waliamini kubadili jina kunaleta nuksi, wahasibu wamewashinda.

Ndiyo sababu tangu 1996 namba ya IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, ni ya lazima: tarakimu saba zinazobaki na chombo hadi kinakatwa vyuma. Exxon Valdez, iliyomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, iliitwa baadaye Exxon Mediterranean, SeaRiver Mediterranean, Mediterranean, Dong Fang Ocean na mwisho Oriental Nicety, ikaishia kukatwa vyuma Alang, India, mwaka 2012. Namba yake haikuguswa: 8414520. Ukiletewa namba kwenye hati na una shaka nayo, zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, ujumlishe. Hapa ni 56, 24, 5, 16, 15 na 4, jumla 120. Tarakimu ya mwisho ya jumla, sifuri, lazima ilingane na ya saba. Isipolingana, mrudishie aliyekuletea hati hiyo kabla hujalipa chochote.