Gari linalogoma mchana wa jua kali: nilivyoikamata rilei ya pampu ya mafuta

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kigamboni aliniletea gari lake mwezi Februari. Saluni ndogo ya petroli, ya Kijapani, ya mwaka 1998, imetunzwa vizuri.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hili gari linaniaibisha. Nikiwa Magogoni nasubiri pantoni nalizima, nakwenda kukaa kivulini. Foleni ikisogea, napiga stata, halitaki. Nyuma watu wanapiga honi. Vijana wanalisukuma pembeni. Nikikaa nusu saa, linawaka kama halikuwa na kitu."

Kabla yangu lilikuwa limepita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha plagi na filta ya mafuta, wa pili akaweka pampu ya mafuta ya mtumba. Mara zote mbili gari lilifika gereji linawaka, likaondoka linawaka, na wiki hiyo hiyo likagoma tena. Ubovu wa namna hii hauonekani siku ambayo haupo, na hapo ndipo pesa za wateja zinapopotea: kifaa kinabadilishwa, gari linawaka, fundi na mwenye gari wanaamini limepona, kumbe lingewaka hata bila kuguswa.

Kwa hiyo boneti sikuifungua. Nilimpa mwalimu kiti, nikaanza kumuuliza. Linagoma asubuhi? Hapana. Usiku, baada ya safari ndefu? Hata siku moja. Siku za mvua? Hapana. Stata inazunguka kwa nguvu? Ndiyo, mpaka betri inachoka. Na ile nusu saa ukiwa pembeni, unafanya nini?

"Nafungua milango yote minne. Joto lile la ndani siliwezi."

Hapo nikapata pa kushika.

Gari lililozimwa lina joto la aina mbili. Kuna joto la injini, ambalo huendelea kupanda chini ya boneti kwa muda baada ya kuzima kwa sababu maji hayazunguki tena. Hilo ndilo linaloweza kugeuza petroli kuwa mvuke kwenye reli ya nozeli (bomba linalozigawia mafuta nozeli, zile zinazoyapuliza kwenye injini), na ndilo linaloikatisha kazi sensa ya kranki iliyochoka, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Lakini joto la injini halijui usiku wala mchana. Ingekuwa mvuke au sensa, gari lingemgomea mwalimu hata saa mbili usiku akitoka Mbagala. Joto la pili ni la kabini: jua linapiga kioo, madirisha yamefungwa, dashibodi haishikiki. Na nyuma ya dashibodi, kwenye magari mengi ya Kijapani ya umri ule, ndipo inapokaa rilei ya pampu ya mafuta, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha na kuizima pampu kwa amri ya kompyuta.

Hata hivyo, dhana haitoshi kumtoza mtu pesa. Niliomba gari lilale kwangu.

Kesho yake asubuhi nikafunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Kazi hii ina hatari: toa kwanza presha, chomoa waya wa hasi wa betri, funika nati kwa kitambaa unapoilegeza, kizima moto kiwe karibu, na asiwepo mtu wa sigara. Nikarudisha betri, nikawasha, geji ikasimama psi 40 (psi ni kipimo cha presha). Magari mengi ya petroli yenye nozeli za aina hii hufanya kazi kati ya psi 35 na 50, ila kipimo cha gari lako kisome kwenye kitabu chake. Nikazima, nikapandisha vioo vyote, nikalisogeza juani. Ilikuwa saa tano asubuhi. Vijana wangu waliona ninapoteza muda.

Saa nane mchana nikarudi. Nikafungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka na kuzimika kama kawaida, maana yake kompyuta ya gari iko macho. Lakini nyuma, kwenye tenki, kimya. Pampu ya gari hili hulia sekunde mbili hivi kila ukifungua swichi, kisha husubiri injini izunguke. (Si magari yote, mengine hayapampu kabisa mpaka upige stata, kwa hiyo kimya peke yake kisikudanganye.) Nikapiga stata: inazunguka vizuri, plagi inatoa cheche, mshale wa geji umelala sifuri. Mafuta ndiyo yaliyokosekana, na sasa nilikuwa nayaona yakikosekana.

Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Gari likishagoma mbele yako una dakika chache tu, kwa hiyo vipimo uwe umeviandaa mapema. Kiungio cha waya za pampu chini ya kiti cha nyuma nilikuwa nimeshaifikia. Msaidizi anafungua swichi, mimi naangalia mita: hakuna umeme. Pampu haina kosa. Nikahamia kwenye rilei. Umeme wa betri unaingia, volti 12.3. Amri ya kompyuta inafika. Upande wa kutokea, sifuri. Nikaigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, na nyuma ya gari pampu ikalia.

Nikaichomoa, nikafungua kifuniko chake, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kwenye mguu mmoja, lehemu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeuzunguka mguu wote. Kwa miaka mingi lehemu ile imepashwa joto na kupoa, ikatikiswa na barabara, huku umeme wote wa pampu ukipita hapo. Ikiwa baridi, mguu unagusa. Ikipata moto, chuma na lehemu vinatanuka kwa viwango tofauti, ufa unaachia. Ukifungua milango minne upepo ukapita, unagusa tena.

Nililehemu upya mguu ule na mingine yote, nikairudisha, nikaliweka gari juani siku mbili mfululizo. Liliwaka kila mara. Hata hivyo nilimshauri mwalimu anunue rilei mpya, akaipata Gerezani.

Kuna njia ya mkato ninayoichukia. Fundi akishajua rilei ina matatizo, anavuta waya kutoka kwenye swichi na kuipiga pampu dairekti. Gari linawaka, mteja anafurahi. Lakini ule mpango wa kompyuta kuikata pampu injini inaposimama upo kwa ajili ya ajali. Gari likipinduka, mpira wa mafuta ukakatika, pampu ya dairekti itaendelea kumwaga petroli mpaka mtu azime swichi, na huenda mtu huyo hawezi kusogeza mkono. Ukinunua gari la mkononi, mwombe fundi wako aangalie hilo.

Si kila gari linalosumbua kuwaka lina rilei mbovu. Likizungushwa sana asubuhi ndipo liwake, lakini likawaka mara moja ukifungua na kufunga swichi mara mbili tatu kwanza, shuku vali ya kuzuia mafuta yasirudi tenkini, au nozeli inayovuja: zima injini, tazama geji kwa dakika tano, ikiporomoka umepata. Likigoma zaidi mafuta yakiwa kidogo, na ukigonga chini ya tenki linawaka, pampu yenyewe imechoka. Petroli ndiyo inayoipoza pampu, na wanaotembea na taa ya mafuta imewaka kila siku huichosha mapema.

Siku ya kuchukua gari mwalimu alifungua buti, akatoa mfuko wa rambo. Ndani, imefungwa kitambaa, ilikuwa ile pampu ya zamani, ya tangu gari likiwa jipya. Hakuwa na moyo wa kuitupa. Niliichovya kwenye petroli ndani ya kopo, mbali na moto, nikaiunga na umeme kwa muda mfupi: ilisukuma bila kusitasita, amperi 4.6, sauti nyororo kuliko ile ya mtumba iliyomo tenkini. Nikamwomba asiiuze, nikaisafisha, na Jumamosi iliyofuata akarudi nikairudisha mahali pake.