Maradhi ya uzazi na fidia ya wanajeshi wa zamani wa Marekani

Dhana kwamba fidia ya ulemavu kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani ni ya waliojeruhiwa vitani tu imedumu muda mrefu, na huwaumiza hasa wanawake wanaoona maradhi ya uzazi kuwa siri yao binafsi. Sheria haisemi hivyo. Kinachotakiwa ni kwamba ugonjwa ulianza wakati wa utumishi au ulizidishwa nao, hata kama mhusika hakuwahi kutoka kambini. Na pale ushahidi wa pande mbili unapolingana, shaka humnufaisha mdai. Endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje yake, kwa mfano, hupewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 ikiwa maumivu ya nyonga au kutokwa damu kwingi kunahitaji tiba ya kudumu, 30 tiba isipofua dafu, na 50 ikiwa, zaidi ya hayo, imethibitika kufika kwenye utumbo au kibofu na kuleta dalili huko. Aliyeondolewa kizazi kwa sababu ya ugonjwa huo anaweza kulipwa pia nyongeza maalumu ya kila mwezi, haki ambayo, kwa maoni yangu, haitangazwi inavyostahili. Na tangu sheria ya PACT ya mwaka 2022, inayohusu wanajeshi waliokumbana na vitu vya sumu kazini, waliohudumu Iraq, Afghanistan na maeneo mengine yaliyotajwa hawalazimiki kuthibitisha chanzo cha saratani za viungo vya uzazi.