Je, wajua? Mzizi wa danshen unavyoweza kuvuruga dozi ya warfarin

Warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Miaka ya 1950 ikaanza kupewa wagonjwa ambao damu yao huganda mahali pasipotakiwa. Kosa dogo la dozi hugharimu. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu huchukua muda gani kuganda, kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu huganda. Kikipanda mno, mgonjwa huweza kuvuja damu hata ubongoni.

Sasa fikiria madaktari wa Hong Kong, miaka ya 1990, wakipokea wagonjwa waliozoea dozi yao vizuri, lakini INR imepaa ghafla. Walipodadisiwa, ikajulikana wanatumia danshen, mzizi mwekundu ambao waganga wa Kichina hutibia maradhi ya moyo.

Je, mzizi ndio wa kulaumiwa? Kwanza hutazamwa tarehe: INR ilipanda baada ya kuuanza, ikashuka baada ya kuuacha? Mgonjwa alimeza antibiotiki wiki hiyo? Alipunguza mboga za majani, zenye vitamini K inayopingana na warfarin? Kisha maabara. Kwa panya (panya tena, maskini!) danshen ilipandisha kiwango cha warfarin kwenye damu. Ini huivunja dawa hiyo kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2C9, na tanshinoni, kemikali zilizomo kwenye danshen, hukizuia ndani ya chupa za majaribio.

Lakini chupa si tumbo. Tanshinoni haziyeyuki vizuri majini, kwa hiyo aliyechemsha mzizi sufuriani hapati kiasi kile anachopata aliyeuloweka kwenye pombe kali. Wote wawili watakuambia wametumia danshen. Kwangu mimi, hiki ndicho kitanzi kigumu kuliko vyote katika utafiti wa mitishamba.

Ndiyo maana hatimaye majaribio hufanywa kwa watu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwapa warfarin watu 20 wenye afya. Baadhi waliongezewa ginseng ya Marekani, mzizi mwingine wa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. INR ya waliopata ginseng ilishuka, kinyume kabisa na kisa cha danshen.

Na yote haya huanza na mgonjwa kusema. Akiulizwa anatumia dawa gani, hutaja vidonge. Supu ya kuku iliyopikwa na mizizi ya danggui, ambayo nayo inatuhumiwa kupandisha INR, kwake ni chakula cha jioni.