Umekesha msibani, ukalala hadi jioni: umejidhuru?

Mtu amekesha msibani siku mbili. Anarudi nyumbani, anaoga, anajitupa kitandani saa tatu asubuhi na kulala usingizi wa pono. Anazinduka jua linazama. Mdomo mkavu, kichwa kizito, mistari ya mkeka imejichora shavuni, na kwa dakika kadhaa hajui kama ile ni alfajiri au magharibi. (Kwetu huku karibu na ikweta mwanga wa saa kumi na mbili zote mbili unafanana kabisa. Wapo watoto waliovaa sare za shule jioni.) Halafu jirani anamwambia kwamba kulala hivyo kunaua moyo. Kesho yake yuko kliniki anaomba apimwe presha.

Nampima, kwa sababu kupima presha hakujawahi kumdhuru mtu. Lakini jibu langu kuhusu usingizi ni lile lile siku zote: kulala kupita kiasi mara mojamoja, baada ya kukesha, si hatari. Kilichokuumiza ni kule kukesha. Ule usingizi ulikuwa matengenezo.

Tangu unapoamka asubuhi, ubongo ukiwa kazini, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kidogo kidogo kichwani, nayo ndiyo inayoleta kusinzia. Kahawa haiiondoi. Kafeini inawahi tu nafasi ambazo adenosini ingekaa, kwa hiyo ubongo hausikii uchovu ambao bado upo. Kinachoipunguza ni kulala. Sambamba na hilo kuna saa ya mwili, ambayo hufuata mwanga wa jua na haijali umelala kiasi gani. Mwaka 1982 Alexander Borbély wa Zurich alieleza jinsi mambo haya mawili yanavyofanya kazi pamoja, na mpaka leo tunafundisha hivyo. Ndiyo maana nesi aliyetoka zamu ya usiku anasinzia kwenye daladala, lakini akifika kitandani analala saa nne tu, macho kodo. Uchovu unamwambia lala, saa ya mwili inamwambia kumekucha.

Sasa hilo deni la usingizi halilipwi saa kwa saa. Kijana mmoja wa San Diego, Randy Gardner, aliyekuwa na miaka 17, alikaa macho saa 264 kuelekea maonyesho ya sayansi ya shule, Januari 1964. Ni siku 11. Alipolala, alilala saa 14 na ushee, na siku zilizofuata akarudi polepole kwenye kawaida yake. Hakulala wiki nzima. Ubongo unaochoka huchagua: kwanza unajilipa usingizi mzito, ule ambao hata mlango ukigongwa husikii, kisha usingizi wa ndoto. Ukiota ndoto nyingi za ajabu usiku wa pili baada ya mkesha, hujalogwa.

Na ule uzito wa kichwa? Ukiamka kutoka katikati ya usingizi mzito, ubongo hauwaki wote kwa pamoja. Huchukua nusu saa, wakati mwingine zaidi, kabla hujawa mtu kamili, na katika muda huo usishike usukani wala pikipiki. Maumivu ya kichwa nayo mara nyingi yana maelezo ya kawaida: umekosa maji, umekosa chakula, na kama ni mtu wa chai ya rangi au kahawa kila asubuhi, umekosa kafeini yako. Wenye kipandauso wawe waangalifu zaidi, maana kwao usingizi ukipungua unachokoza, na ukizidi unachokoza vilevile.

Mimi huanza kuuliza maswali pale mtu anaponiambia ndiyo maisha yake: Jumatatu hadi Ijumaa analala saa tano tu kwa usiku, Jumapili analipa zote. Hapa utafiti wenyewe unavutana. Nchini Sweden walifuatilia watu zaidi ya 43,000 kwa miaka 13. Kwa walio chini ya miaka 65, waliolala kidogo siku zote, wikendi zikiwemo, walikufa zaidi ya waliolala saa saba. Waliolala kidogo siku za kazi kisha wakafidia wikendi hawakuonyesha tofauti hiyo. Habari njema. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Colorado waliwaweka vijana wenye afya maabara, wakawanyima usingizi siku za kazi, wakawaacha walale wapendavyo wikendi, kisha wakawanyima tena. Insulini yao ilifanya kazi vibaya, na ile wikendi haikuwakinga. Mimi nasoma hivi: kufidia ni bora kuliko kutofidia kabisa, ila hakukupi ruhusa ya kujinyima tena kesho. Tena usijiamini ukisema umezoea. Jaribio la Pennsylvania la mwaka 2003 lilionyesha kwamba baada ya wiki mbili za saa sita kwa usiku, umakini wa watu ulishuka kama wa mtu aliyekesha hadi siku mbili, na wenyewe walidhani wako sawa tu.

Huenda umesoma pia kwamba wanaolala zaidi ya saa tisa hufa mapema. Hao ni wanaolala hivyo kila siku, na wengi wao usingizi ni dalili: sonona, upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, dawa fulani, au kukoroma kwa kukatika pumzi ambako humfanya mtu alale saa kumi na kuamka hoi. Anayetoka maeneo ya mbung'o akianza kusinzia mchana na kukosa usingizi usiku, nakumbuka malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao.

Ukitaka kufidia vizuri, wahi kulala kuliko kuchelewa kuamka. Fungua dirisha upate jua la asubuhi. Mchana lala dakika ishirini, si saa tatu, na iwe kabla ya alasiri. Wazee wa pwani wanaokataza usingizi wa baada ya alasiri wana sababu zao, lakini hata kitabibu wako sahihi: unaiba usiku wako. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usilale ukaruka mlo, maana sukari inaweza kushuka ukiwa umelala na asijue mtu.

Hapo ndipo hasa panaponitisha. Si aliyelala sana, ni yule ambaye familia imesema "mwacheni, amechoka". Ameanguka na bodaboda jana usiku, au ana homa ya siku tatu, au ni mgonjwa wa kisukari. Anayelipa usingizi, hata awe amechoka vipi, ukimtikisa na kumwita jina atanuna, atafungua macho, atakujibu, hata kama ni kukutukana. Asipojibu, au akijibu maneno yasiyoeleweka na kurudi chini, huyo halali. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.