Wiki ya Tatu Ndiyo Inayowaponza

Wanaume wanaokuja kwangu kutahiriwa wakiwa watu wazima huwa na maswali mawili. La kwanza ni kama sindano inauma. La pili, ambalo wengi huuliza wakitazama dirishani, ni lini watarudi kwa mama watoto. Sindano inauma, ndiyo, kwa dakika moja hivi, kisha ganzi inashika. Jibu la pili ni wiki sita. Hapo ndipo mtu huanza kupatana nami bei kama tuko soko la Gikomba.

Mimi ni afisa wa kliniki, na kazi hii naifanyia Eastlands, Nairobi. Nawapokea makanga, walinzi, wanafunzi wa vyuo, wenye maduka. Wengine wanatoka jamii zisizo na jando, wengine zamu yao iliwapita tu wakiwa wadogo. Mpango wa serikali wa tohara ya hiari ulianza 2008, baada ya utafiti wa Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu kwetu hapa, na Rakai nchini Uganda kuonyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke. Hupunguza, haimalizi. Kondomu bado unaihitaji.

Siku za kwanza hazinitii wasiwasi sana, maana mtu mwenye maumivu ni mtiifu. Ameze dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, si baada ya kufika nyumbani akiwa amekunja uso. Avae chupi inayoshika vizuri na uume auelekeze juu, upande wa kitovu. Wengi huja na suruali pana wakidhani kilicho huru hupona haraka, kumbe uume ukining'inia maji ya mwili hushuka na uvimbe unazidi. Mwenye bodaboda aegeshe pikipiki yake. Bandeji tunaitoa siku ya pili, na ikiwa imegandia tunailowesha kwanza, hatuivuti. Kuanzia hapo ni kuoga kila siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kisha kukausha taratibu bila kusugua.

Uvimbe unaokaa kama pete nyuma ya kichwa cha uume, hasa upande wa chini, huwatisha watu kuliko inavyostahili. Unaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha. Utando mwembamba wa manjano juu ya mshono nao hudhaniwa kuwa usaha. Usaha huwa mzito na mara nyingi unanuka, na kidonda chenyewe huwa chekundu, cha moto, na kinazidi kuuma badala ya kupungua. Hapo rudi hospitali siku hiyo hiyo. Rudi pia ukiwa na homa, ukishindwa kukojoa, au damu ikikataa kukata hata baada ya kubana kwa dakika kumi. Mwenye kisukari atuambie mapema, kwa sababu sukari ikiwa juu kidonda hupona polepole. Sigara nayo huchelewesha.

Usiku ni habari nyingine. Mwanamume mwenye afya husimamisha mara tatu hadi tano kwa usiku mmoja, usingizi unapofika kwenye ndoto, hata kama haoti jambo lolote la maana. Hilo si tamaa, ni mwili tu. Lakini nyuzi zikivutwa saa tisa za usiku utaruka kitandani. Kakojoe kabla ya kulala, lala ubavu magoti yakiwa yamekunjwa, na ukiamshwa tembea kidogo kwenye sakafu baridi. Mteja mmoja aliniambia alikuwa akikariri jedwali la kuzidisha, na kwamba kufikia la saba mambo huwa yametulia.

Nyuzi tunazotumia huyeyuka zenyewe, na nyingi huwa zimedondoka kufikia wiki ya tatu. Sasa mtu anaangalia: uzi hakuna, damu hakuna, maumivu hakuna. Anajitangazia amepona.

Fundi mmoja wa mjengo alinijia Jumatatu ya wiki ya tatu, akitembea kama aliyebeba mtungi wa maji kati ya miguu. Jumamosi alikuwa amerudi kwa mkewe. Mshono ulikuwa umeachia upande mmoja. "Daktari, kilikuwa kimefunga kabisa." Nikamuuliza slabu ikikauka juu hutoa mbao zinazoishikilia lini. Akacheka huku akijishika. Hakuhitaji maelezo zaidi, na tangu hapo swali hilo nawauliza hata wasiojua saruji.

Ngozi ya juu hufunga upesi kwa sababu chembechembe zake hutambaa kutoka kingo zote mbili hadi zikutane. Chini yake nyuzinyuzi zinazoshikilia kovu bado zinasukwa. Katika wiki ya tatu jeraha la ngozi huwa na kama sehemu moja kwa tano tu ya nguvu ya ngozi isiyowahi kukatwa. Kondomu haizuii kuchanika, na kujichua kunahesabiwa vile vile. Kidonda kilichofunguka ni mlango kwa virusi, vya kuingia au vya kutoka, kwa hiyo anayeishi na virusi anamhatarisha mwenzake kuliko kabla hajatahiriwa.

Yule fundi sikumshona upya. Nilisafisha, nikaacha kidonda kijijaze kutoka ndani, na wiki zake sita zikawa karibu kumi.

Halafu kuna simu kutoka nyumbani. Mjomba atapendekeza majivu, shangazi majani fulani. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, kwa hiyo usipake. Spiriti pia usipake, inaunguza ngozi changa.

Wanaorudi wiki ya sita ni wachache, na hawachukui muda wangu. Huuliza kwa nini kovu ni gumu kwa ndani, nawaambia litalainika kadiri miezi inavyokwenda. Na kwa nini kichwa kinasisimka kikigusa nguo? Kimekaa miaka thelathini chini ya govi, kipe muda kizoee chupi.